Saratani ya matiti inatembea kwenye ukoo wenu: apimwe jeni mgonjwa kwanza, upimwe wewe, au ufuatiliwe tu?

Kuna familia hapa Tanga ukikaa nao vizuri wanakwambia bibi alikufa kwa titi, shangazi akafuata, sasa mama mdogo ndo anapanda na kushuka Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, na wasichana wa nyumba hiyo wako kimya kila mmoja anajiuliza la kwake. Wengine wameshaambiwa ni mkono wa mtu. Wengine wameambiwa ni ya kurithi kwahiyo hamna la kufanya, subiri zamu yako. Maneno yote mawili yanaumiza manake yanamfanya mtu akae tu. La kufanya lipo, tena sio moja, kinachosumbua ni uanzie wapi, na hii nawaandikia wale waliokwama hapo.

Kwanza kitu chenyewe kikae sawa. Jeni ni maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, na zinazotajwa sana kwenye saratani ya matiti ni BRCA1 na BRCA2. Ya kwanza iko kwenye kromosomu (kifurushi cha vinasaba ndani ya seli) ya 17, mtafiti wa Marekani Mary-Claire King alionyesha eneo ilipo mwaka 1990 na yenyewe ikapatikana 1994, ya pili iko kwenye kromosomu ya 13 na ikapatikana 1995. Kila binadamu anazo, mume kwa mke, na zikiwa nzima kazi yake ni kurekebisha vinasaba (DNA) vinapokatika ndani ya seli. Wavuvi wa Sahare wanalielewa hili haraka: wavu kuchanika ni jambo la kila siku, shida inaanza pale mshonaji hayupo. Kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na aliyerithi moja mbovu anaishi vizuri kwa ile nzima mpaka itokee seli moja ya titi imepoteza na ile nzima, hapo makosa yanaanza kurundikana. Kwahiyo mtu anarithi hatari, harithi ugonjwa wenyewe.

Hatari hiyo ni kubwa kiasi gani? Utafiti mkubwa uliotoka 2017, uliofuatilia familia za Ulaya, Marekani na Australia, ulikuta mwanamke mwenye BRCA1 mbovu ana uwezekano wa kama 72 kwa 100 wa kupata saratani ya matiti kabla hajafika miaka 80, na mwenye BRCA2 ni kama 69. Saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke) ni kama 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Kuna jeni zingine pia, PALB2 nayo ni nzito, CHEK2 na ATM zina hatari ya kati. Lakini msitishike wote, kati ya saratani 100 za matiti zinazotokana na jeni mbovu ya kurithi ni 5 hadi 10 tu. Familia nyingi zenye mgonjwa mmoja hazina jeni mbovu yoyote.

Sasa familia ipi ijiulize? Ile yenye mtu aliyeugua kabla ya miaka 50, au aliyeugua matiti yote mawili, au upande mmoja wa ukoo una watu watatu, au kuna matiti na ovari kwa pamoja, au kuna mwanaume aliyeugua saratani ya matiti (ndio, wapo). Na hapa naomba niseme kwa sauti kwasababu ndo linalosahaulika kuliko yote: UPANDE WA BABA UNAHESABIKA. Nasikia watu wanasema "ah aliyeugua ni shangazi yangu, sio upande wa mama, mi sihusiki." Unahusika sana tu. Baba akiwa na jeni mbovu anaipitisha kwa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu sawasawa na mama, na yeye mwenyewe anaweza asiumwe chochote, au akaja kusumbuliwa na saratani ya tezi dume. Kwahiyo kabla ya yote chukua daftari uwaulize wazee, nani aliugua nini, akiwa na umri gani, upande upi. Wazee wengi watakwambia "alikuwa na donda kifuani" au "tumbo lilijaa maji", andika hivyohivyo, daktari atajua la kufanya nalo.

Kwenye kulinganisha nitaangalia vitu vinne kwa kila njia: jibu utakalopata lina maana gani, hela na safari, moyo wako na ukoo wako, halafu inamfaa nani.

Njia ya kwanza: aliyeugua ndo apimwe jeni kwanza

Watu wengi hii haiwaji kichwani, wanaona mgonjwa ameshaumwa sasa apimwe ya nini. Lakini jibu lake ndo lenye nguvu kuliko ya wote. Akikutwa na jeni mbovu, maabara inaandika kabisa ni jeni ipi na sehemu gani imeharibika, na ndugu wengine mkija mnaangaliwa hapohapo tu. Binti asiyekuwa nayo anaambiwa huna, na hiyo "huna" inakuwa ya kweli, hatari yake inarudi karibu na ya wanawake wengine wa kawaida. Mgonjwa akipimwa vizuri na isionekane kitu, basi ukoo mzima mmejiokoa na kuhangaika kupima mmoja mmoja, ingawa bado mnabaki na historia yenu na mnatakiwa kujiangalia.

Na yeye mwenyewe anafaidika. Kuna dawa kama olaparibu zinazofanya kazi hasa kwa wenye BRCA mbovu. Halafu kuna suala la titi la pili: kwenye utafiti uleule wa 2017, walioshaugua titi moja, uwezekano wa kuugua la pili ndani ya miaka 20 ulikuwa kama 40 kwa 100 kwa BRCA1 na 26 kwa BRCA2. Hiyo habari daktari wake anaihitaji wakati anapanga upasuaji, sio baadae.

Upande wa hela, kipimo kamili mnalipia mtu mmoja, wengine wakija wanaangaliwa sehemu moja tu, kwahiyo kwa hesabu ya ukoo ndo nafuu. Safari nayo tayari anaifanya, yuko kwenye mikono ya madaktari wa saratani, ni kuongeza swali moja kwenye kliniki anayokwenda: "Daktari, na hii yangu inaweza kuwa ya kurithi?" Damu kidogo, basi.

Ugumu wake uko kwenye moyo. Mama akisikia ni jeni, la kwanza linalomjia ni kwamba amewapa wanawe ugonjwa, na wapo wanaolia kwa hilo kuliko walivyolia kwa saratani yenyewe. Kwahiyo namna ya kumwambia ina uzito. Usimuulize mbele ya wageni waliokuja kumtazama, na kama wewe ni mdogo mpitie dada mkubwa au yule mtu anayesikilizana nae, na mwambieni ukweli kwamba na yeye alipewa, hakuchagua. Kuna jambo lingine zito, nalisema kwa heshima zote: mgonjwa akiwa hali yake sio nzuri, hili halisubiri. Akishaondoka anaondoka na jibu ambalo lingewasaidia watoto na wajukuu zake.

Inafaa familia ambayo mgonjwa yupo hai, anakubali, na mnaongea. Haifai pale ambapo wote walioshaugua wamekwishatangulia mbele ya haki, au mgonjwa amesema hataki. Akisema hataki, muacheni, mwili wake.

Njia ya pili: upimwe jeni wewe mwenyewe moja kwa moja

Hapa ndo penye utata mwingi kwahiyo nivumilieni kidogo. Kipimo ni damu au mate, kupima hakuumi, kinachosumbua ni jibu. Majibu yapo matatu, sio mawili.

La kwanza, umekutwa nayo. Hilo liko wazi hata kama ni zito, na njia zake nazisema huko chini.

La pili, haijaonekana. Watu wanashangilia hapa, ila kama hakuna ndugu aliyeugua aliyepimwa, hujui kama ukoo wenu una jeni mbovu wewe ukaikosa, au ukoo wenu una kitu ambacho kipimo hakikukitafuta. Jibu hilo halikupi ruhusa ya kuacha kujiangalia. Nimeona mtu anaambiwa "upo salama" kwa jibu la namna hii na inaniuma, kwasababu kesho akishika donge hatakimbilia hospitali, atasema mi nilipima.

La tatu ni lile la badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani. Na sisi Waafrika tunalipata hili mara nyingi kuliko Wazungu, sababu ni kwamba hifadhi za taarifa wanazolinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya, badiliko la kawaida kabisa la mtu wa Pwani linaweza kuonekana geni kule. Ukipata jibu hili, usikatwe kitu chochote kwa sababu yake. Mengi ya mabadiliko haya baadae huja kuonekana hayana madhara, kwahiyo unaendelea kufuatiliwa kwa historia ya ukoo wako na kila baada ya muda unauliza kama maana imeshajulikana.

Hela: hadi 2013 kampuni moja ya Marekani ilikuwa na hataza (hati ya umiliki) ya hizi jeni na kipimo kilikuwa zaidi ya dola 3000. Mwezi Juni mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jeni ya asili haiwezi kumilikiwa na mtu, maabara nyingi zikaingia na bei ikaja kushuka mpaka kuna zilizofika kutoza kama dola 250. Kwetu bado hiyo ni hela ndefu, kwahiyo kabla hujatoa damu ulizia bei kamili, sampuli inapelekwa wapi, jibu linarudi lini, na nani atakaa na wewe kukueleza. Hilo la mwisho ndo la muhimu. Karatasi bila mtu wa kukufafanulia bora isingekuja.

Na vile vipimo vya mate ambavyo ndugu aliye Uingereza au Marekani anakuletea kwenye begi, viangalie vizuri. Kile cha kampuni ya 23andMe kiliporuhusiwa Marekani mwaka 2018 kuangalia BRCA, kilikuwa kinatazama mabadiliko 3 tu ambayo yako zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, wakati mabadiliko mabaya yanayojulikana ya jeni hizi ni maelfu. Mtu wa Makorora hapa Tanga akikosa hizo 3 hajajua kitu.

Moyo na ukoo: siri itunze. Posa ikija hapa kwetu watu wanaulizia ukoo, na ikisikika "wale wana maradhi ya titi" wasichana wa nyumba hiyo wanaumia bure, hata wale ambao hawana jeni. Jibu lako ni lako, unachagua wa kumwambia, ila ndugu wa damu wana haki ya kujua ili nao wajiangalie, hapo siri inageuka dhuluma. Na kwa zile familia zetu zinazooana mtoto wa mjomba na shangazi, kama wote wawili wamerithi BRCA2 au PALB2 mbovu ileile, kila mtoto wao ana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mbili mbovu, na hiyo inaleta ugonjwa mzito wa damu wa utotoni unaoitwa anemia ya Fanconi. Simkatazi mtu kuoa, ila kama jeni imeshajulikana nyumbani, muulizeni daktari kabla ya ndoa. Watoto chini ya miaka 18 hawapimwi BRCA, hakuna kitu cha kuwafanyia wakiwa wadogo, waacheni wakue waamue wenyewe.

Inafaa aliyekuwa na sababu nzito kwenye ukoo, walioshaugua hawapo, na ambaye ameshajiuliza "nikiambiwa ninayo nitafanya nini" na akawa na jibu. Kama huna jibu hilo, hujachelewa, kaa nalo kwanza.

Njia ya tatu: uachane na jeni, ufuatiliwe kwa karibu

Hii ndo iliyo mkononi kwa wengi na isidharauliwe. Unazijua titi zako zilivyo, ukiona donge, ngozi imeingia ndani, chuchu imegeuka au inatoa damu, uvimbe kwapani, unaenda wiki hiyohiyo, usisubiri mwezi uishe wala dawa za kupaka. Unapapaswa na daktari au nesi aliyefundishwa. Kwa ukoo wenye historia, kawaida vipimo vya picha vinaanza miaka 10 kabla ya umri wa ndugu aliyeugua akiwa mdogo kuliko wengine, kwahiyo mama aliugua akiwa na 44 wewe unaanza kuuliza ukiwa 34. Mamogramu (eksirei ya titi) kwa msichana haioni vizuri kwasababu titi la ujana limeshikana, hapo altrasaundi inasaidia.

Jibu lake: linakwambia leo kuna nini, halikwambii kesho. Na halizuii ugonjwa, linaukamata mapema. Hiyo "mapema" kwetu ni kitu kikubwa mno, wagonjwa wengi wa matiti Tanzania wanafika hospitali wakiwa hatua ya 3 au ya 4, wakati donge dogo lililokamatwa mapema lina matibabu mazuri. Upungufu mkubwa ni kwamba ovari haziguswi kabisa, na hakuna kipimo cha kuaminika cha kuwahi saratani ya ovari.

Hela ni kidogokidogo lakini haziishi, kila mwaka. Safari unaanza karibu, kituo chako cha afya kisha hospitali ya mkoa ya Bombo, altrasaundi ipo mjini hapahapa, na wakikuandikia rufaa ndo unapanda basi Kange kwenda Dar. Kama una bima, uliza mapema kipi kinalipiwa. Moyoni ni nyepesi kidogo kwa sababu hakuna karatasi ya kusema wewe ni fulani, ila ile wiki ya kusubiri majibu kila mwaka inachosha, na kuna wakati utachomwa sindano ya kuchukua kinyama halafu ikaonekana si kitu.

Inafaa ambaye historia ya ukoo si nzito sana, ambaye hela ya jeni haipo, ambaye hayuko tayari kujua, na pia ambaye jibu la jeni lisingembadilishia chochote kwa sasa.

Na ukishakutwa nayo?

Hapa nitapita haraka maana haya mtakaa na daktari. Kuna kufuatiliwa kwa nguvu zaidi: miongozo ya Marekani inasema MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu kuongezwa kuanzia 30. MRI ndo inayoona zaidi, na kwa mtu wa Tanga hiyo inaweza kuwa safari ya Dar kila mwaka, pigia hesabu nauli na pa kulala. Kuna dawa ya tamoksifeni, inapunguza hatari bila kisu, ushahidi wake ni mzuri zaidi kwa BRCA2 kuliko BRCA1, haitumiki ukiwa na mimba, na ina matatizo yake kama damu kuganda. Kuna kuondoa matiti yote mawili, inapunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi, lakini haina kurudi nyuma, kunyonyesha kumeisha, na wewe na mume mnatakiwa kuongea kabla sio baada. Nayo haina haraka ya wiki hii, unaweza kufuatiliwa miaka ukiwa unafikiri.

Kuhusu ovari na mirija ya mayai, huko ushauri una mkazo zaidi kwasababu kuwahi hakuna: ukishamaliza kuzaa, kuondoa kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Hedhi inakoma siku hiyohiyo, joto mwilini, usingizi, mifupa, hayo yote yana msaada wake ukiuliza. Wengi wanaofikiria matiti tu wanalisahau hili.

Kwa hali yako

Kama mama au shangazi anatibiwa sasa hivi, swali la jeni lianzie kwake, kliniki ijayo, na wewe uende nae uwe unaandika.

Kama wote wameshafariki na walikuwa wengi, tena vijana, kaa na daktari wa saratani uongelee kupimwa wewe, ukijua kwamba jibu la "haijaonekana" halikufungulii mlango wa kuacha vipimo.

Kama ni bibi mmoja tu aliyeugua akiwa na miaka 70, jeni sio haraka yako, fuatilia kama wanawake wengine na uiweke hiyo habari kwenye daftari la ukoo.

Kama una miaka 24, hujaolewa, unanyemelewa na hofu usiku, hakuna anayekulazimisha kujua mwaka huu. Anza kuyajua matiti yako, anza kuuliza wazee, uamuzi wa jeni utakukuta ukiwa tayari.

Kama wewe ni mwanaume, dada zako wameugua na una mabinti, usikae pembeni ukiona ni mambo ya kina mama. Kipimo chako ndo kinachoweza kuwaambia mabinti zako kama wana la kujiangalia au hawana.

Na kama hivi unavyosoma una donge tayari, achana na hii makala yote na habari za jeni. Kesho asubuhi nenda ukalionyeshe.